Kabla mtoto hajavaa mtungi wa kuzamia, fomu ijazwe kwa ukweli

Fomu ilikuwa karatasi moja tu, imebanwa kwenye ubao wa plastiki, na kalamu imefungwa kwa uzi. Baba, mama na watoto wao wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi chini ya banda la makuti huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Ilikuwa likizo ya Desemba. Vijana walikuwa wakipakia mitungi ya hewa kwenye boti, na bahari ilikuwa imetulia kama maji ya kwenye beseni.

Binti wa miaka 13 alikuwa akijibu maswali harakaharaka, hapana, hapana, hapana, mpaka alipofika kwenye swali moja na kalamu ikasimama. Liliuliza kama amewahi kuugua pumu.

Baba yake aliinama akamnong'oneza. “Weka hapana, mwanangu. Mara ya mwisho kubanwa kifua ulikuwa darasa la nne. Tumetoka Morogoro kwa ajili ya hili.”

Mama alisikia. Hakupandisha sauti. “Baba watoto, na hiyo pampu iliyoko kwenye mkoba wangu ni ya nani?”

Binti aliandika ndiyo, kisha akaanza kulia.

Mwalimu wa kuzamia, kijana wa hapohapo Nungwi, aliisoma fomu mara mbili. “Mama, leo huyu hatazamia na mtungi. Mpaka daktari ampime, aandike kwamba mapafu yake yanaruhusu. Samahanini sana.” Baba alimuuliza kama hakuna namna yoyote ya kusaidiana. “Mzee wangu, kwa hili hakuna namna,” akajibu.

Kwa mzazi aliyejichanga mwaka mzima, jibu hilo linaweza kusikika kama ukorofi. Lakini mwalimu anayekataa mteja kwa sababu ya majibu ya kwenye fomu ndiye mwalimu wa kumwamini. Sababu ni rahisi kuielewa, na kila mzazi anayefikiria kuwapeleka watoto baharini anapaswa kuijua kabla hajafunga mabegi.

Kuzamia kwa majaribio ni nini

Mtaani, mzamiaji ni yule anayeingia harusini bila kadi. Huku baharini, kuzamia ni kushuka chini ya maji ukiwa umebeba mtungi wa hewa mgongoni na kupumua kwa mdomo kupitia kipumulio. Kwa miaka mingi mchezo huu ulionekana kuwa wa wageni peke yao. Siku hizi familia za hapa nchini nazo zinaujaribu zikiwa likizo, Unguja, Pemba na Mafia, kama wanavyofanya majirani wa Kenya huko Diani na Watamu.

Asiyewahi kuzamia hahitaji kusoma kozi nzima. Hupewa maelezo mafupi, hufanya mazoezi kwenye bwawa au maji mafupi yaliyotulia, kisha hushuka baharini akiwa na mwalimu pembeni yake muda wote. Kwa kanuni za PADI, shirika la kimataifa linalofundisha uzamiaji, anayejaribu baharini awe na umri wa kuanzia miaka 10, na kina kisizidi mita 12. Watoto wa miaka 8 na 9 wanaweza kuonja mchezo huo kwenye bwawa, si zaidi ya mita 2.

Ndiyo maana mtoto wa pili wa familia hii, mvulana wa miaka tisa, hakupewa fomu ya baharini hata kidogo. Yeye hakulia. Alikuwa amepewa miwani na mrija wa kuelea juu ya maji, na hilo lilimtosha.

Huhitaji kuwa muogeleaji hodari ili ujaribu, lakini mtu anayeogopa maji kifuani hawezi kufurahia maji yaliyo juu ya kichwa chake. Mtoto asiyependa kuzamisha uso wakati wa kuoga aanzie bwawani, na si siku ya safari.

Kwa nini pumu inaulizwa

Watu wengi huuita mtungi ule mtungi wa oksijeni. Si oksijeni. Kwa kawaida ni hewa hii hii tunayovuta barabarani, imechujwa na kushindiliwa ili iingie nyingi kwenye nafasi ndogo. Jambo la kuogopwa si hewa yenyewe bali uzito wa maji.

Ukishuka mita 10, mgandamizo unaoubeba mwili unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Chukua puto lililojaa hewa ulishushe mpaka hapo, litasinyaa na kubaki nusu. Sasa lijaze tena hukohuko chini mpaka liwe kubwa kama mwanzo, ulifunge, uliachie lipande. Hewa iliyomo itataka nafasi mara mbili. Puto likiwa limekaza, litapasuka kabla halijafika juu.

Mapafu ya mzamiaji ni puto hilo. Huko chini anavuta hewa iliyoshindiliwa, na anapopanda hewa hiyo inatanuka. Kama anaendelea kupumua, inatoka yenyewe na hakuna tabu. Akiibana pumzi, haina pa kutokea. Mapafu yanaweza kuchanika, na mapovu ya hewa yakaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Hili linaweza kutokea hata kwenye maji mafupi kama ya bwawa la kuogelea. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuzamia, inayorudiwa kuliko nyingine zote, ni hii: usibane pumzi kamwe.

Mtu mwenye pumu anaweza kuitii kanuni hiyo na bado akawa hatarini. Njia zake za hewa zikisinyaa akiwa chini, sehemu ya mapafu inaweza kufungiwa hewa ndani bila yeye kukusudia. Na vitu vinavyoamsha pumu viko tele kwenye mchezo huu: kukimbizana na mkondo wa maji, hofu, hewa kavu na baridi ya mtungini, na matone ya maji ya chumvi yanayopenya kwenye kipumulio. Juu ya maji, mtoto aliyebanwa hukaa chini akavuta pampu. Kwenye mita 10, pampu iko ndani ya boti.

Hii haina maana kwamba mwenye pumu hatazamia maisha yake yote. Wapo ambao hali yao imedhibitiwa vizuri, wakapimwa uwezo wa mapafu, na daktari akawaruhusu. Tofauti ni kwamba uamuzi huo hufanywa kwa vipimo hospitalini. Haufanywi na baba kwenye benchi ufukweni huku boti inasubiri.

Pumu haiko peke yake. Fomu huuliza pia kuhusu kifafa au kuzimia, magonjwa ya moyo, shinikizo la damu, kisukari, upasuaji wa sikio au kifua, na dawa mtu anazotumia. Mwenye selimundu naye azungumze na daktari kwanza. Mjamzito haruhusiwi kuzamia, hata kama ujauzito ni wa wiki chache. Jibu la ndiyo si lazima liwe mwisho wa safari, mara nyingi linamaanisha barua ya daktari inahitajika.

Masikio hayataki ubabe

Siku ile baba alibaki peke yake kwenye orodha ya familia. Walimfunga mkanda wenye vipande vya risasi, wakamvisha nguo ya mpira inayofunika mwili kuanzia shingoni hadi miguuni, jaketi la hewa na mtungi. Nchi kavu aliona mzigo ule utamvunja mgongo. Kwenye maji mafupi uzito ukapotea.

Mazoezi yalikuwa matatu. La kwanza, kutoa kipumulio mdomoni, kutoa mapovu taratibu, na kukirudisha. La pili, kuondoa maji yaliyoingia kwenye miwani kwa kupuliza hewa kupitia puani. La tatu, kufungua masikio.

Hili la tatu ndilo linalowashinda wengi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, kilichounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Unaposhuka, maji yanaisukuma ngoma kwa ndani. Ili isiumie, hewa lazima iingie kwenye chumba hicho kutoka kooni. Mzamiaji anabana pua kwa vidole na kupuliza kwa upole, kama anayepenga kamasi bila kutoa chochote, mpaka asikie masikio yakifunguka. Anafanya hivyo mapema, kabla ya maumivu, na kurudia kila anaposhuka kidogo. Mita chache za mwanzo ndizo zenye tabu kubwa zaidi.

Masikio yakigoma, hakuna kulazimisha. Anapanda kidogo, anajaribu tena, na yakikataa kabisa anarudi juu. Anayejikaza anaweza kurudi nyumbani na ngoma iliyotoboka.

Hapa ndipo mafua yanapoingia. Mtoto mwenye mafua mrija huo umevimba na kuziba, kwa hiyo hazamii siku hiyo, hata kama alilala vizuri na homa hana. Kumpa dawa ya kuzibua pua asubuhi ili asikose safari ni kujidanganya. Dawa ikiisha nguvu akiwa chini, hewa iliyotanuka hukosa njia ya kutokea wakati wa kupanda, na maumivu huja wakati hakuna tena uchaguzi wa kubaki.

Kidole gumba juu

Boti iliwapeleka hadi kwenye miamba ya matumbawe karibu na kisiwa cha Mnemba, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari. Mama na watoto waliingia majini na miwani na mirija, wakiwa na majaketi ya kuelea na kijana mmoja wa boti akiwaangalia. Baba na mwalimu walishuka polepole wakiishika kamba ya nanga.

Kwenye mita 3 sikio la kushoto la baba lilianza kuuma. Alijua alichofundishwa, lakini ni mtu mzima, na mkewe na wanawe walikuwa juu wakitazama. Akashuka kidogo tena. Maumivu yakamkata kama sindano. Hapo akakumbuka ishara: akachezesha kiganja kushoto na kulia, kisha akaonyesha sikio. Mwalimu akamshika mkono, akampandisha kiasi cha mita moja, akamwonyesha avute subira. Mara ya tatu sikio likafunguka.

Yaliyofuata baba aliyasimulia wiki nzima. Matumbawe kama kichaka cha mawe, samaki wa njano wakipita mbele ya miwani bila kumjali, na sauti moja tu, ya pumzi yake mwenyewe. Alifurahi mno. Mwalimu alipomuuliza kwa ishara kama yuko sawa, baba alimjibu kama anavyojibu kwenye simu kila siku: kidole gumba juu.

Chini ya maji, kidole gumba juu hakimaanishi sawa. Kinamaanisha nataka kupanda. Aliye sawa hukutanisha kidole gumba na cha shahada kufanya duara. Baba alikuwa ameambiwa, akasahau.

Mwalimu hakubisha wala hakumwonyesha muda uliobaki. Alimrudishia ishara ileile, akamshika jaketi, wakapanda taratibu. Juu ya maji ndipo baba alipogundua alichofanya, na boti nzima ikacheka.

“Mbona hukuniuliza kwanza?” alimuuliza mwalimu.

“Mzee wangu, mtu akisema anataka kupanda, tunapanda. Maswali yapo huku juu, yana nafasi.”

Baba alikaa kimya kwenye boti. Binti yake alikuwa amejifunga taulo, anamsimulia mdogo wake upya kuhusu kasa waliyemwona wote wawili, akipunga mabawa yake kama anaruka. Alikuwa amesahau kununa. Baba alisogea akakaa karibu naye. “Nisamehe, mwanangu. Nilitaka uandike uongo.”

“Mama angeniua,” binti akajibu, na hapo wakacheka tena.

Safari ya kurudi

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelifikiria kabla. Baba alikuwa amekata tiketi ya ndege ndogo kwenda Dar es Salaam jioni ileile.

Sehemu kubwa ya hewa, asilimia 78, ni naitrojeni. Mtu akiwa chini, kiasi chake huyeyuka kwenye damu na misuli kwa sababu ya mgandamizo. Akipanda polepole na kukaa nchi kavu, hutoka taratibu kupitia mapafu. Akipanda ndege mapema, mgandamizo wa angani ni mdogo zaidi, na naitrojeni inaweza kutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Ushauri unaofuatwa ni kusubiri angalau saa 12 kwa aliyezamia mara moja, na angalau saa 18 kwa aliyezamia zaidi ya mara moja au siku mfululizo. Haijalishi kwamba safari ya ndege ni fupi.

Familia ikalala usiku mmoja zaidi, na asubuhi wakapanda boti ya kwenda Dar es Salaam. Tiketi za ndege hazikurudishiwa pesa.

Mzazi ajue pia dalili za kuangalia ndani ya saa 24 baada ya kuzamia: maumivu ya viungo, ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, vipele au madoa ya ngozi, kifua kubana au kukohoa damu. Dalili hizi hazisubiri kesho. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni ikiwepo, awahishwe hospitali, na neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba alizamia na mtungi. Usipolisema, ganzi hiyo inaweza kutibiwa kama kitu kingine.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Omba fomu ya afya mapema. Itumiwe kwa WhatsApp siku unapoulizia bei, si siku ya safari. Familia hii ingeijaza nyumbani, binti angempitia daktari Morogoro na kilio cha ufukweni kisingekuwepo.

Uliza pesa itakuwaje mtu akizuiwa na afya au akibadili mawazo. Jibu liandikwe. Mzazi anayejua pesa yake haipotei hashawishiki kudanganya.

Uliza mwalimu mmoja anachukua wangapi. Kwa mtoto, dai awe karibu kiasi cha kumgusa. Muombe akuonyeshe kitambulisho chake cha ualimu na uangalie kama muda wake haujapita.

Uliza kuhusu dharura. Boti ina oksijeni? Ina redio au simu inayopata mtandao? Hospitali ya karibu ni ipi, na chumba cha mgandamizo cha kutibu wazamiaji kiko wapi? Anayejibu bila kubabaika ameshalifikiria.

Mtazame mtoto, si picha utakazopiga. Mnywesheni maji ya kutosha, apate usingizi, ale chakula chepesi. Kwa watu wazima, pombe ya usiku uliotangulia inatosha kuahirisha safari. Na mwambie mtoto akiwa bado nchi kavu, kwa maneno ya wazi, kwamba akitaka kupanda apande, na hakuna atakayemgombeza wala kumkumbusha bei.

Mwezi Januari, kabla shule hazijafunguliwa, mama alimpeleka binti hospitali na picha ya fomu ile kwenye simu. Alipulizishwa kwenye mashine ya kupima mapafu, kabla na baada ya dawa. Daktari aligundua kwamba kifua bado kinabana akikimbia, jambo ambalo binti hakuwahi kulisema kwa sababu alidhani wenzake wote wanabanwa hivyo. Akaanzishiwa dawa ya kuzuia, ya kutumia kila siku, na kupangiwa kurudi kupimwa tena. Kuhusu kuzamia, daktari hakumkatalia wala hakumruhusu. Alimwambia wataliongea vipimo vikikaa sawa.